Maswali yenu ya miguu: viatu vya mtumba, sindimba, na goti linalolipa deni la nyonga

Mwezi huu sijui kumetokea nini, kila ujumbe nikifungua ni mtu anacheza. Nimezoea migongo ya wabangua korosho na viuno vya bodaboda, sasa nina baleti, nina sindimba, nina kifundo kilichoteguka kwenye shughuli ambayo sitaitaja, na nina binti wa Lindi ambaye swali lake nimelisoma mara tatu. Nayajibu kama yalivokuja, majina nimetoa. Mliouliza ganzi za mikono mtanivumilia mpaka toleo lijalo.

Shikamoo dokta. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Shangani, Mtwara. Wa kwanza ana miaka kumi na ana mwaka mmoja anajifunza baleti, kuna dada karudi kutoka Dar anafundisha watoto kama nane sebuleni kwake kila Jumamosi, siku zingine mwanangu anajifundisha mwenyewe kwa simu yangu mpaka bando linaisha. Juzi nimepita mtumba nikakuta vile viatu vyao vya kusimamia vidole, satini ya pinki na utepe wake, elfu saba tu, nikachukua. Amelia kwa furaha. Ila akivaa anasema kidole gumba kinauma na goti linauma kwa ndani. Ni viatu au hajazoea tu?

Marahaba mama. Kwanza mi sio dokta, ni mtu wa fiziotherapia, madokta wenyewe wakisikia watanicheka. Na vile viatu vitoe leo, sio kesho, mwambie vitatundikwa ukutani vipendeze na vyake vitakuja wakati wake.

Vishike mkononi nikuonyeshe kitu. Pale mbele vidole vinapoingia pabonyeze kwa pembeni, kama panabonyea kama boksi la maziwa lililolowa basi hicho kiatu kilishakufa kabla hakijapanda meli. Watu wanadhani mle ndani kuna mbao au chuma, hakuna, ni matabaka ya kitambaa na karatasi yamegandishwa kwa gundi, na chini ya wayo kuna kipande kigumu cha kuushikilia mguu. Jasho linalainisha ile gundi, joto linalainisha, sembuse na unyevu wetu huu wa pwani unaotia kutu mpaka bawaba za milango. Wacheza wakubwa wa Ulaya wanaweza kumaliza pea nzima kwa onyesho moja, usiku mmoja tu inatupwa. Kwahiyo ulichonunua ni kitu ambacho mwenyewe alishakichoka, na kimeshakaa umbo la mguu wake yeye. Mwanao akisimama humo hamna kinachomshika, anazama mpaka ncha ya kidole inagonga sakafu, ndo hayo maumivu ya kidole.

Na hata kingekuwa kipya cha dukani ningekataa vilevile. Walimu wengi wanaanzia miaka 11 au 12, na mtoto awe na miaka kadhaa ya mazoezi ya kueleweka nyuma yake, ila umri peke yake haunishawishi, mi naangalia nguvu ya mguu. Msimamishe peku kwa mguu mmoja, goti limenyooka, anyanyue kisigino mpaka juu kabisa afu ashushe taratibu, mara ishirini, ukuta uwe karibu ila asiuegemee. Wengi wakifika ya nane shavu la mguu linatetemeka kama jenereta bovu. Afu akae chini, anyooshe mguu na vidole mbele, wewe laza rula juu ya ugoko ipite kwenye kifundo mpaka mgongo wa mguu. Ikilala sawa mguu unafika, ikibebwa juu na kile kilima cha kifundo ujue bado, na akilazimisha atakuwa anabana nyama na mifupa ya nyuma ya kisigino kila akipanda. Kuna kano ndefu inapita hukohuko nyuma ya jicho la mguu la ndani kwenda kwenye kidole gumba, wacheza baleti wanaichosha sana mpaka ugonjwa wake unaitwa kwa jina lao.

Halafu hata waliouanzisha huu mchezo hawakuanza na kiatu kigumu. Marie Taglioni aliposimama kwenye ncha za vidole Paris mwaka 1832 alivaa kiatu laini cha satini kilichoshonewa nyuzi mbele, basi, kilichomsimamisha ni misuli ambayo baba yake, ndo aliyekuwa mwalimu wake, alimkamua mazoezi mpaka ikajengeka.

Sasa goti, hilo ndo limenikalisha kitako.

Baleti yote imejengwa juu ya kugeuza miguu nje, vidole vya huku vinaangalia Mikindani na vya kule vinaangalia Msimbati. Mgeuko huo unatakiwa utoke kwenye nyonga, maana nyonga ni mpira ndani ya kikombe, kuzunguka ndo kazi yake. Ila ina mwisho. Mtu wa kawaida nyonga moja inageuka nje kama digrii 45 hivi, mbili ukijumlisha unapata 90, wenye maumbile ya bahati wanazidi hapo. Mwanao kwenye simu anaona miguu imelala mstari mmoja, 180. Zile zilizopungua atazitoa wapi? Anakopa. Anakopa mgongoni, makalio yanabinuka kiuno kinaingia ndani. Anakopa kwenye wayo, unalalia ndani, upinde wote unaporomoka. Na anakopa kwenye goti, mkopo wa riba kubwa huo, kwa sababu goti likiwa limekunjwa linakubali kuzunguka kidogo, kwahiyo mtoto anakunja magoti, wao wanaita plie, anaipanga miguu nje kabisa, sakafu inashika nyayo, afu ananyooka. Goti likinyooka linataka lijifunge sawasawa, ila paja linaangalia mbele na ugoko umeshakamatwa huko nje, hapo katikati panasokotwa kama unavokamua kanga iliyolowa. Vinavyovutika ni kano na gegedu za ndani, na yeye amesema panauma ndani. Nyonga imekopa, goti ndo linalipa.

Kumpima ni rahisi. Chukua karatasi mbili za gazeti, weka kwenye sakafu ya niru au vigae, asimame mguu mmoja kila karatasi, magoti yamenyooka, ageuze miguu kwa nguvu ya nyonga peke yake. Karatasi zitateleza, na pale zitakapoishia ndo mgeuko wake wa kweli. Niliwahi kumfanyia mtoto wa rafiki yangu barazani kwao, alikuwa anajivunia ule mstari wake balaa, alivopanda kwenye karatasi miguu ikarudi yenyewe ikasimama kama mishale ya saa nne na dakika kumi. Akanuna. Nikamwambia hiyo ndo yako, anzia hapo, na kila ukikunja goti liangalie kidole cha pili cha mguu, likiingia ndani ya hapo umeshaanza kukopa.

Na sakafu ya huyo dada ni ya nini? Kama ni vigae juu ya zege basi kuruka aache kabisa kwa sasa, kila kutua mwili unarudishiwa uzito wake mara kadhaa na zege halisaidii hata kidogo, ndo maana kumbi zao chini kuna mbao zinazodunda. Wazazi nane mkichanga, fundi seremala anaweza kuwatengenezea fremu ya mbao, chini yake vipande vya raba za ndara zilizochakaa, juu plaiwudi mbili. Haitakuwa ya Paris ila si zege. Na soksi kwenye vigae jamani hapana, hiyo karatasi na kuteleza ni kwa kupima tu, na wewe uwe umesimama pembeni. Goti likiendelea kuuma wiki mbili bila viatu na bila kuruka, au likivimba, au likikwama, mlete hospitali.

Niaje fizio. Mimi ni mtu wa Newala nakaa Magomeni hapa Mtwara, nina miaka 24, nacheza sindimba kwenye kikundi. Mwaka huu tumepata shughuli nyingi za harusi na za video. Magoti yote mawili yanauma mbele, chini ya pia ya goti, nikishuka ngazi ndo usiseme. Babu yangu amecheza mpaka uzeeni hajawahi kulalamika. Nimerogwa au?

Haha, poa ndugu yangu. Hujarogwa, umebadilisha mkao.

Mwangalie mzee anavocheza. Magoti yamekunjwa ndio, lakini na kifua kimeinama mbele, makalio yamekaa nyuma, kiuno ndo kinafanya kazi. Mwili ukiinama hivo mzigo mwingi unabebwa na misuli ya makalio na nyuma ya mapaja, na hiyo ni misuli mikubwa kweli. Sasa nyie vijana mkiona kamera mnanyanyua kifua, mnataka sura ionekane, magoti bado yamekunjwa vilevile, basi mzigo unahama wote kuja mbele ya paja na ile pia inasagwa kwenye mfupa wa paja. Wacheza baleti wana tatizo hilihili kwa sababu wao mgongo lazima usimame wima hata wakikunja magoti, hawana ruhusa ya kuinama, kwahiyo mbele ya goti kwao ni kilio cha kila siku. Wewe ruhusa unayo, umepewa na mababu, unaiacha kwa ajili ya video!

Nyingine ni hesabu. Msimu wa korosho mnapotea mashambani hamna ngoma, ukifika msimu wa jando na harusi mnacheza Ijumaa, Jumamosi, Jumapili, njuga miguuni. Kano ya goti haipendi kutoka sifuri kwenda mia. Wiki mbili tatu kabla ya msimu anza kidogo kidogo, kaa mkao wa sindimba dakika moja moja mara tano, kifua mbele, uzito kwenye visigino, nyanyuka, pumzika, kesho ongeza. Kwa sasa usiache kucheza kabisa, punguza nusu, maumivu yakibaki madogo na asubuhi yake hayajazidi uko salama. Yakizidi umepitiliza, rudi nyuma kidogo.

Mwambie babu nimemsalimu.

Habari za kazi. Shemeji yangu huku Mikindani alitua vibaya kwenye shughuli yao, mguu ukalala upande wa nje, kifundo kimevimba kama embe. Mama mkwe ameita mchuaji, anachua kwa mafuta ya moto tangu jana, shemeji anapiga kelele nyumba nzima. Je ni sawa?

Salama dada. Nimeelewa ni shughuli gani na sitauliza ndani ya kile kinyago alikuwa nani, hayo sio yako wala sio yangu. Ila mtu anayeona kupitia mdomo wa kinyago cha lipiko, anacheza kwenye vumbi lenye mashimo, akitua vibaya wala sishangai.

Mchuaji asimame kwanza. Siku mbili tatu za mwanzo kuchua kwa nguvu na mafuta ya moto kunaongeza uvimbe, na kama kuna mfupa umevunjika ndo mnausaga. Kuna kanuni madaktari wa Ottawa huko Kanada walizitoa mwaka 1992, zinatumika dunia nzima, wala hazitaki mashine. Je, aliweza kutembea hatua nne, hata kwa kuchechemea, pale alipoumia, na akijaribu sasa anaweza? Afu bonyeza kwa kidole ukingo wa nyuma na ncha ya jicho la mguu la nje, na la ndani vilevile. Bonyeza na kile kinundu cha ukingo wa nje wa mguu, katikati kati ya kisigino na kidole kidogo, na mfupa ulio mbele kidogo ya jicho la ndani. Mfupa ukiuma kwenye hizo sehemu, au hatua nne zimeshindikana, panda bajaji mpaka hospitali ya Ligula mkapige eksirei.

Hicho kinundu cha nje usikiruke. Mfupa unaoanzia pale wacheza baleti wanauvunja sana, yuko juu kwenye vidole, anayumba, mguu unalala nje, ta! Na sababu ya kifundo kuwa dhaifu ukiwa umesimama kwenye vidole ni umbo lake tu. Ule mfupa wa kifundo mbele ni mpana nyuma ni mwembamba, kama kabari. Ukikanyaga wayo mzima sehemu pana inajaa kwenye nafasi yake, imebana. Ukipanda kwenye vidole inayoingia ni sehemu nyembamba, inacheza, hapo kinachokushika ni kano na misuli tu, na mtu anayetoka juu anatua kwa vidole kwanza.

Kama mfupa uko salama, afunge bandeji ya kuvutika, mguu juu ya mto, baridi kidogo ni ya kupunguza maumivu sio dawa, na kesho kutwa aanze kuchezesha kifundo na kukanyaga kadri anavoweza. Uvimbe ukiisha asimame kwa mguu mmoja wakati anapiga mswaki, kila asubuhi na jioni, akizoea afumbe macho. Watu wanaliruka zoezi hili kwa sababu linaonekana la kitoto, afu miezi mitatu baadae mguu uleule unateguka tena. Na kwa kazi yake ya kucheza bila kuona vizuri, la kufumba macho ndo lake hasa.

Mwalimu wetu anatulaza kifudifudi kama chura, magoti nje, afu anatukalia mgongoni ili nyonga zifunguke. Anasema ndo utaratibu wa baleti tangu zamani.

Tangu zamani kweli, mfalme Louis XIV wa Ufaransa alianzisha chuo cha dansi mwaka 1661, ndo maana mpaka leo maneno yao ni ya Kifaransa. Ila kina cha kikombe cha nyonga na pembe ya shingo ya paja ni mfupa, na mfupa hauvutiki kwa kukaliwa. Kinachovutika hapo ni kano za mbele ya nyonga na ndani ya goti, na hizo zikishalegea ndo umepoteza ulinzi. Mwambie kwa adabu kwamba umeambiwa na mtu wa fiziotherapia ufungue nyonga kwa nguvu zako mwenyewe, sio kwa kilo zake.

Naomba jina langu lisitoke. Nina miaka 17, niko Lindi mjini. Nacheza baleti na dansi kwa kujifunza mtandaoni na kikundi cha shule, mazoezi kila siku, na nimepunguza kula ili nipungue, sasa hivi nakula mara moja jioni. Sijaona siku zangu miezi mitano. Wenzangu wanasema ni kawaida kwa wanamichezo. Na ugoko wa kulia unauma sehemu moja, kama sarafu, hata usiku. Naogopa kumwambia mama.

Mdogo wangu, umefanya vizuri kuandika. Wenzako wamekosea, inatokea sana ila kawaida sio.

Mwili ukipewa chakula kidogo kuliko kazi unayoufanyisha unaanza kubana matumizi, kama nyumba mshahara umechelewa, unakata kile unachoona sio cha lazima leo. Cha kwanza kwa msichana mara nyingi ni hedhi. Hedhi ikikatika kwa sababu hiyo, homoni inayolinda mifupa imeshuka nayo, na wewe uko kwenye umri ambao mifupa bado inajijaza. Afu juu yake unaruka kila siku. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliipa hali hii jina lake mwaka 2014, upungufu wa nishati kwenye michezo, na wakasema inawakuta mpaka wanaume. Baleti imo mbele kabisa kwenye orodha sababu ya ule ugonjwa wao wa kutaka mwili mwembamba kwenye kioo.

Ugoko unaouma sehemu moja unayoweza kuifunika kwa sarafu, na mpaka usiku, mi nauchukulia ni mfupa unaanza kupata ufa mpaka nithibitishiwe sio. Acha kuruka na kukimbia kuanzia leo, kutembea kwa kawaida ruksa kama hakuumi. Nenda Hospitali ya Sokoine wiki hii. Eksirei ya kwanza inaweza isionyeshe kitu, ufa mwembamba wakati mwingine unaonekana baada ya wiki kadhaa, kwahiyo wakikwambia picha ni safi usirudi kuruka, waambie maumivu bado yapo na yako wapi hasa. Watakupima damu, na watakupima mimba pia, usichukie, kila msichana aliyekosa siku zake anapimwa, ndo utaratibu.

Kula. Sikupi orodha ya hospitali, uko Lindi, umezungukwa. Chai ya asubuhi na muhogo au mihogo miwili, mchana ugali au wali na samaki, dagaa wale kabisa na mifupa yake, mbaazi za nazi jioni, ufuta ule mnaolima nyie wenyewe pondea kwenye uji, konzi ya korosho kabla ya mazoezi. Mara tatu kwa siku na cha kutafuna katikati. Utaogopa uzito mwanzoni, najua, na kama ukiona chakula kinakupa hofu ya kweli mwambie na hilo dokta, nalo lina tiba.

Kwa mama, usianze na kula wala hedhi kama unaona aibu. Anza na ugoko. Mwambie mama mguu unaniuma usiku naomba unipeleke hospitali, hayo mengine dokta atakuuliza mwenyewe, na una haki ya kuomba uongee naye peke yako dakika tano. Kama mama haiwezekani, shangazi, au matroni wa shule unayemwamini. Ukishatoka huko niandikie wameona nini, hata mstari mmoja, nauangalia ujumbe wako kabla ya mwingine wowote.